Skukuza: Mzee wa Hifadhi ya Kruger

Watalii wengi wanaozuru Hifadhi ya Taifa ya Kruger, kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini, hupitia kambi kubwa ya Skukuza. Ni wachache wanaojua kuwa hilo ni jina la mtu, na kwamba waliompachika hawakukusudia kumsifu.

James Stevenson-Hamilton alizaliwa Dublin mwaka 1867, katika ukoo wa Kiskoti wenye ardhi na vyeo. Alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza, na Vita vya Makaburu vilipomalizika mwaka 1902 alikabidhiwa hifadhi ya wanyama ya Sabi, karibu na mpaka wa Msumbiji. Hifadhi hiyo ilikuwa imetangazwa na serikali ya Paul Kruger mwaka 1898, lakini bunduki za wawindaji zilikuwa zimekwisha kuifanya nyika ile kuwa tupu.

Alianza kwa kuwahamisha Waafrika waliokuwa wakiishi humo. Watu waliolima na kuzikana katika ardhi ile kwa vizazi walijikuta wakiitwa wavamizi, nao wakamwita Skukuza, yaani mwenye kufagia. Haki itendeke: ufagio wake uliwafikia pia Wazungu, maana hata askari polisi waliowinda kinyume cha sheria aliwafikisha mahakamani. Lakini wao hawakupoteza makazi.

Ulinzi peke yake haukutosha. Wafugaji, wenye migodi na wagawaji wa mashamba waliitolea macho ardhi ya Sabi, na serikali ingeweza kuifuta hifadhi wakati wowote. Wokovu ulitoka pasipotarajiwa. Mwaka 1923 shirika la reli lilianzisha safari ya kitalii ya siku tisa iliyopita katika hifadhi. Ajabu ni kwamba abiria walifurahia zaidi kituo kile cha porini, walipotembea wakiongozwa na mlinzi mwenye bunduki na kuota moto usiku, kuliko vivutio vingine vya safari nzima. Stevenson-Hamilton alitambua hapo kwamba mnyama aliye hai ana wateja wake.

Mwaka 1926 bunge lilipitisha sheria ya kuunda Hifadhi ya Taifa ya Kruger. Mwaka uliofuata yaliingia magari matatu ya watalii. Mwaka 1928 yakawa 180. Mzee huyo, ambaye awali aliamuru simba wapigwe risasi ili swala waongezeke, alikuwa amekwisha kubadili mawazo na kuwatetea simba pia. Barabara na umati wa wageni, hata hivyo, vilimtia wasiwasi hadi mwisho.

Kambi ya Sabi ilipewa jina lake la Skukuza mwaka 1936. Alistaafu mwaka 1946, akafariki dunia Desemba 1957.

Ufagio haukuzikwa naye. Mwaka 1969 jamii ya Makuleke iliondolewa kwa nguvu kaskazini mwa hifadhi. Ilirejeshewa ardhi yake mwaka 1998, na sasa hupokea watalii hapo kwa manufaa yake yenyewe.