Alessandro Volta, Mtu Aliyesikia Umeme

Kila mwanafunzi wa fizikia hulitaja neno volti, lakini si wengi wetu wajuao kwamba neno hilo limetokana na jina la mtu, na kwamba mtu huyo alijitia umeme masikioni mwake mwenyewe.

Alessandro Volta alizaliwa Como, kaskazini ya Italia, tarehe 18 Februari, 1745. Husimuliwa kwamba alichelewa sana kusema, hata jamaa zake wakadhani ni bubu. Lakini alikua akawa mwalimu mjini kwao, kisha akaitwa kufundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Pavia.

Siku hizo Bwana Galvani wa Bologna aliona mguu wa chura aliyekufa ukirukaruka ulipoguswa na madini ya namna mbili, akasema umeme umo katika mnyama. Volta alipima mambo hayo, asikubali. Yeye aliona kuwa umeme watokana na kukutana kwa yale madini. Ndipo akapanga visahani vya fedha na zinki, na kati yao karatasi nene iliyoloweshwa maji ya chumvi. Hiyo ndiyo betri ya kwanza, na mwaka 1800 alipeleka habari zake London kwa barua.

Katika barua hiyo alieleza pia jinsi alivyotia vijiti viwili vya madini masikioni, akaviunganisha na betri. Alishtuka kichwani, kisha akasikia sauti kama ya kitu kizito kinachotokota. Aliogopa kuudhuru ubongo, asirudie tena. Nasi wa maabara tusijaribu!

Volta alifariki Como tarehe 5 Machi, 1827, lakini jambo aliloliandika halikufa. Mwaka 1957, mjini Paris, Djourno na Eyriès walitia waya wa umeme ndani ya sikio la kiziwi, naye akasikia sauti. Mwaka 1978 Profesa Graeme Clark wa Chuo Kikuu cha Melbourne, ambaye baba yake hakusikia vizuri, alipandikiza chombo chenye ncha nyingi ndogo, kipelekacho umeme kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Baadaye kiwanda cha Australia kikaviunda vyombo hivyo, na leo viziwi wengi duniani, hata watoto wadogo, husikia kwa msaada wake.

Volta hakujua faida ya sauti ile, lakini hakuificha. Nasi tuandike kwa uaminifu yote tuyaonayo katika majaribio yetu, hata yale tusiyoyaelewa bado.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne