Desmond Clark

John Desmond Clark (London, 10 Aprili 1916 – Oakland, California, 14 Februari 2002) alikuwa mwanaakiolojia kutoka Uingereza aliyechunguza historia ya awali ya binadamu barani Afrika. Anajulikana hasa kwa uchimbaji wake karibu na Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Mkoa wa Rukwa, Tanzania.

Maisha

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1938 alikwenda Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia) kusimamia makumbusho ya mji wa Livingstone. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumikia jeshi katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1961 alihamia Marekani, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hadi alipostaafu mwaka 1986.

Uchimbaji wa Kalambo

Mto Kalambo huanguka zaidi ya mita 200 kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Mwaka 1953 Clark aligundua zana za mawe katika kingo za mto huo, juu ya maporomoko, upande wa Zambia. Pamoja nazo vilikuwepo vipande vya miti, ambavyo kwa kawaida huoza mapema. Hapo udongo wenye majimaji ulikuwa umevihifadhi. Baadhi vilionekana kuchongwa.

Suala la umri

Maswali mawili yalibaki: je, alama zile zilitokana na mikono ya watu au na mto wenyewe? Na miti ile ilikuwa ya kale kiasi gani? Kipimo cha radiokaboni hakikutosha, kwa sababu baada ya miaka 50,000 hivi kaboni inayopimwa huwa imekaribia kwisha. Majibu yake yalionyesha tu umri wa chini kabisa.

Baada ya kifo chake

Mwaka 2019 timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilichimba tena Kalambo. Ilipima chembe za mchanga ili kujua zilifunikwa lini zisipate mwanga wa jua, na kulinganisha alama za miti na zile za majaribio ya kuchonga kwa mawe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023: magogo mawili yaliyochongwa ili yapandane yana umri wa miaka 476,000 hivi, yaani ni ya kabla ya Homo sapiens. Hivyo Kalambo ilithibitika kuwa ya kale kuliko vipimo vya wakati wa Clark vilivyoweza kuonyesha.