Krapf na Kaburi la Nyali

Jina la Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1810, si geni Mombasa. Wengi humkumbuka kwa kamusi na safari zake. Mimi leo nataka kuzungumzia msiba wake.

Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, mkononi ana barua ya Sayyid Said wa Unguja. Mtoto wao wa kwanza walikuwa wamekwisha kumzika huko Uhabeshi, na sasa Rosine alikuwa mja mzito tena. Mwezi wa Julai akajifungua binti. Homa ikamshika yeye na mumewe pia. Tarehe 13 Rosine akafariki, na haukupita muda kichanga nacho kikamfuata mamake. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali.

Mwingine angalipanda jahazi akarudi kwao. Krapf, angali dhaifu kwa homa, aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni alama ya kazi kuanza, wala Mungu hakumtupa. Makusudio yake si yetu, na hata Rabai, alikohamia mwaka 1846 na mwenziwe Rebmann, waliobatizwa walikuwa wa kuhesabika. Lakini subira yake, haki ya Mungu, siwezi kuikana. Na kazi ya lugha, aliyoianza akisaidiwa na Kadhi Ali bin Muhiddin wa Mombasa, hakuiacha.

Maradhi yakamrudisha Ujerumani mwaka 1853. Novemba 1881, huko Korntal, alikutwa amefariki, amepiga magoti kitandani pake. Kamusi yake ya Kiswahili ikapigwa chapa mwaka uliofuata.