Daniel Owino Misiani: gitaa lililovunjwa nyumbani



Juzi kati nilipanda basi pale stendi ya Bweri, Musoma, naelekea Bunda. Dereva akaweka benga. Kufika Kiabakari, abiria wawili nyuma yangu wanabishana: mmoja anasema mwimbaji ni Mkenya wa Kisumu, mwingine anasema Mkenya ndiyo, ila wa Homa Bay. Nikageuka nikawaambia huyo ni mtu wa kwetu, wa Mara. Wakacheka. Siwalaumu. Ukitaja mtu mashuhuri wa mkoa huu wote tunakimbilia Butiama (na mimi naisali sala ya kumwombea Mwalimu kama ninyi), Nyamagongo hakuna anayeikumbuka.

Basi, Daniel Owino Misiani alizaliwa Nyamagongo, karibu na Shirati, tarehe 22 Februari 1940. Leo ni Wilaya ya Rorya, na mpaka wa Kenya ni pua na mdomo. Wazazi wake walikuwa watu wa dini tena waimbaji. Ungedhani mtoto akipenda muziki watashangilia. Wapi! Alipoanza kushika gitaa, baba yake akalivunja.

Hapo naomba tusiharakishe kumhukumu mzee. Alijua gitaa la wakati ule linaishia wapi: kwenye vilabu vya pombe, usiku kucha, na si kila kijana alirudi salama. Kwenye filosofia tunafundishwa kutenganisha kitu na matumizi yake, ila mzazi mwenye hofu hana muda wa filosofia. Aliona mtoto anapotea, akavunja alichokiona mbele yake. Kilichokuwa ndani ya mtoto hakikuvunjika.

Kijana akavuka mpaka kwenda kutafuta maisha Kenya. Huko mjini vijana walikuwa wanacheza twisti na rumba ya Kongo, gitaa la umeme ndiyo habari ya mjini. Njia rahisi ingekuwa kuiga. Yeye alichukua gitaa hilohilo la kizungu akalipigisha kama nyatiti. Nyatiti ina nyuzi nane, mpigaji anazidonoa harakaharaka huku pete ya chuma kidoleni mguuni ikigonga mbao. Sikiliza benga vizuri utaiona: gitaa linamfukuza mwimbaji, likimjibu kila neno, besi haikai nyuma kama mgeni, halafu sauti inanyamaza na magitaa yanabaki yakikimbizana. Hakuwa peke yake, kina George Ramogi nao walikuwepo, lakini ng'ambo ni yeye waliyemwita babu wa benga. Bendi yake aliipa jina la nyumbani: Shirati Jazz. Mwaka 1989 albamu yao Benga Blast! ilitolewa Uingereza.

Nikisoma tarehe hizi kuna kitu kinanigusa. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia, ikataka muziki wa asili wa watu wa nchi za misheni uheshimiwe na upewe nafasi. Ni miaka hiyohiyo Misiani anatafuta sauti yake. Leo zaidi ya miaka 60 imepita, na ninaijua parokia moja ambayo kinanda kinachezwa kila Jumapili, wakati mzee anayejua litungu la Kikurya amekaa benchi la mwisho na hakuna kijana aliyewahi kumwomba amfundishe. Mimi pia sikuwahi kumwomba.

Misiani hakuimba mapenzi tu. Aliimba historia na siasa, akificha ukweli ndani ya mafumbo, mpaka Kenya wakampa jina la Mfalme wa Historia. Wakubwa nao walikuwa wanafumbua mafumbo, ndiyo maana alifungwa zaidi ya mara moja. Mnamkumbuka nabii Natani na kile kisa cha mwanakondoo mbele ya Daudi? Natani alibahatika kumpata mfalme aliyelia. Misiani alipata polisi. Alitoka ndani akaendelea kuimba. Sisemi alikuwa mtakatifu, ya moyoni mwake anayajua Mungu, lakini kunyamaza kungemlipa zaidi na hakunyamaza.

Alifariki kwa ajali ya barabarani Kisumu, tarehe 17 Mei 2006, akiwa na miaka 66.

Tulipofika Bunda yule abiria wa kwanza akanishika mkono, akaomba nimwandikie jina la kijiji. Akaniambia ana kijana kidato cha tatu, ana gitaa, na amelifungia kabatini tangu Pasaka.

Leo jioni kwenye rozari, tumwombee marehemu Daniel. Na huyo kijana, na baba yake.