MAISHA YA WATUMISHI: ASKOFU MKUU CHRISTOPHE MUNZIHIRWA (1926–1996)



Hapa Dzaleka tunaulizwa mara nyingi: je, inafaa mtumishi wa Mungu aseme juu ya serikali, askari na mipaka? Au ahubiri wokovu tu na mengine ayanyamazie? Safari hii tumeona vema kuwajibu kwa kuwasimulia maisha ya mchungaji mmoja ambaye wazee wetu wa Kivu wanamkumbuka vizuri. Yeye alikuwa Mkatoliki, na wengi wetu si Wakatoliki. Lakini damu yake ilimwagika kwa ajili ya watu kama sisi.

Christophe Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 huko Burhale, eneo la Walungu, Kivu ya Kusini. Alipata upadri mwaka 1958, na mwaka 1963 akaingia shirika la Wajesuiti. Alipelekwa masomoni Ubelgiji, akarudi kufanya kazi Kinshasa. Mwaka 1971 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana, na Rais Mobutu akawaadhibu kwa kuwaingiza jeshini kwa nguvu. Padri Munzihirwa hakuwaacha vijana hao peke yao. Aliomba naye aandikishwe pamoja nao.

Mwaka 1986 aliwekwa kuwa askofu, akahudumu Kasongo, Maniema. Baadaye akapewa jimbo kuu la Bukavu. Hata huko watu walimwita Mzee tu, maana alivaa na kuishi kama mtu wa kawaida. Aliwakemea wanajeshi wa Zaire waliopora raia, ingawa ilikuwa hatari.

Kisha ukaja mwaka 1994. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, zaidi ya watu milioni moja walivuka mpaka wakaingia Goma, Bukavu na Uvira. Ndani ya umati huo walikuwamo wauaji wenye silaha. Walikuwamo pia akina mama, wazee na watoto wasio na hatia. Dunia ilichoka kuwatenganisha. Munzihirwa hakuchoka. Alikataa kabila zima lihesabiwe kuwa la wauaji, akaandika barua nyingi kuomba wakimbizi walindwe na watengenezewe njia ya kurudi kwao kwa usalama. Kwa hiyo alichukiwa na wengi.

Huu ndio msingi wa mafundisho ya Kanisa Katoliki juu ya jamii: kila mtu ana heshima aliyopewa na Mungu, na hakuna serikali, jeshi wala kabila linaloweza kuifuta.

Oktoba 1996 vita vilifika Bukavu. Wakubwa wengi walikimbia. Yeye alibaki na kundi lake. Jioni ya tarehe 29 Oktoba gari lake lilisimamishwa Nyawera, katikati ya mji, na wanajeshi wa Rwanda na wa AFDL. Walioeleza habari hiyo wanasema alishuka na kuwaendea akiwa ameshika msalaba wake. Wakampiga risasi. Mwili wake ulilala barabarani hadi kesho yake, ndipo wanafunzi wa utawa wakauchukua. Mwaka 2016 Kanisa lake lilianza kuchunguza habari za maisha yake ili atangazwe mwenye heri.

Ndugu zetu, hata nchi hii inayotupokea imeonja jambo hilo. Machi 1992 maaskofu saba wa Katoliki wa Malawi, wakiwa na Askofu Mkuu James Chiona, waliandika barua ikasomwa makanisani nchi nzima, ikitaja umaskini, dhuluma na hofu ya kusema. Waliitwa polisi na kutishiwa. Lakini mwaka 1993 wananchi walipiga kura ya kuchagua vyama vingi, na mwaka 1994 utawala wa Rais Banda ukaisha. Dzaleka hii, ambayo ilikuwa gereza la wafungwa wa siasa, ikawa kambi ya wakimbizi.

Tunajua sisi ni wageni. Mwaka 2023, wengi wetu tuliokuwa na biashara Lilongwe tuliporudishwa kambini, hofu ilitufunga midomo. Lakini tujichunguze: je, tulimlilia kila aliyepoteza duka lake, au yule wa kabila letu tu? Kwenye foleni ya maji, Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali wakigombana, mlokole anasimama upande gani?

Munzihirwa anatufundisha kwamba kusema kweli huanzia hapo. Hatuhitaji kutukana serikali wala kushika silaha. Tunahitaji kumtetea jirani asiye wa kwetu, kwa adabu na bila uongo, hata kama watu wetu watanuna. Someni Mathayo 25, muone jinsi Bwana anavyojihesabu kuwa mgeni.

Bwana atupe moyo huo. Amina.