Nyerere: Kutoka marufuku ya kompyuta hadi haki ya faragha

MKAZI wa Chanika anayetaka siri za simu yake ziheshimiwe anayo Ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Kinga hiyo iliingizwa mwaka 1984, wakati wa uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere.

Mwalimu, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, hakuanza na msimamo huo. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini, na kwa zaidi ya miaka 20 Katiba haikuwa na orodha ya haki za binadamu.

Teknolojia nayo aliitilia shaka. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini.

Mwalimu aling'atuka mwaka 1985 na kufariki dunia London, Oktoba 14, 1999, kabla simu za mkononi hazijaenea.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, miaka 38 baada ya ibara hiyo. Marufuku ya kompyuta imebaki historia. Haki ya faragha ndiyo inayozibana kampuni leo.