Bwana Burt Munro na Pistoni Zake

Kusini kabisa mwa nchi ya Nyuzilandi uko mji uitwao Invercargill, mji wa upepo na baridi. Huko ndiko alikozaliwa, tarehe 25 Machi 1899, Bwana Herbert James Munro, ambaye dunia humjua kwa jina la Burt. Jina hilo kwanza liliandikwa Bert, lakini gazeti moja la Marekani lilikosea herufi, naye alipoliona kosa lile akalipenda, akaandika hivyo mpaka kufa kwake. Alikulia katika shamba la wazazi wake huko Edendale. Tangu utoto alipenda mbio, na kila alipopata nafasi alimpanda farasi mwepesi kuliko wote shambani akamkimbiza, ingawa baba yake alinung'unika sana.

Mwaka 1920, alipokuwa na umri wa miaka 21, alinunua pikipiki mpya aina ya Indian Scout, iliyotengenezwa Springfield katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Aliyeisanifu alikuwa fundi kutoka Ireland, jina lake Charles Franklin. Injini yake ilikuwa na silinda mbili zilizosimama kama herufi V, ukubwa wake sentimeta za ujazo 600, na gia tatu za kubadilisha kwa mkono. Mwendo wake wa mwisho ulikuwa maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Siku zile mwendo huo ulitosha kumridhisha mtu mwenye akili timamu. Munro haukumridhisha. Mwaka 1926 akaanza kuifungua ile injini, na tangu hapo hata uzeeni hakuacha kuifungua.

Basi kumbukeni kwamba mtu huyu hakuwa tajiri. Dunia ilipopatwa na shida kubwa ya fedha baada ya 1929, alirudi shambani kwao, na baadaye akapata kazi ya kuuza na kutengeneza pikipiki. Mchana alifanya kazi ya watu, na usiku alifanya kazi yake mwenyewe. Wenye fedha waliandika barua Uingereza au Marekani wakaletewa pistoni mpya katika sanduku. Yeye alitengeneza zake kwa mkono. Mafuniko ya silinda, kamu, gurudumu zito la injini, mipango ya kupitisha oili, vyote alivibuni na kuvitengeneza. Pistoni alizisubu katika makopo ya zamani. Silinda alizichonga kutoka mabomba ya chuma ya gesi yaliyokwisha kutupwa. Na chombo chake cha kupimia, mahali ambapo mafundi wengine hutumia mikrometa, kilikuwa kipande cha spoki ya gurudumu.

Nataka kukaa kidogo juu ya jambo hili la pistoni, kwa sababu wengi wanaosimulia habari za Munro hulipita upesi ili wafike kwenye mbio. Wazee wetu waliosoma hapa zamani, ambao sasa wana pikipiki na motokaa zao, wanajua kwamba injini ikichoka fundi husema: lete pistoni na ringi. Huchonga silinda iliyolika, akaweka pistoni pana zaidi kidogo, na pikipiki ikapata nguvu yake ya zamani. Madereva wa bodaboda hulifanya kila siku. Munro alikwenda mbele ya hapo. Hakutaka nguvu ya zamani, alitaka nguvu mpya, na kwa hiyo kila alipoifungua injini alitafuta nafasi ya kuongeza. Sentimeta za ujazo 600 zikawa 850, kisha 920, na mwisho 950, katika injini ileile ya 1920.

Pistoni pana zina deni lake. Pistoni haizunguki, bali hupanda na kushuka, na kila ifikapo juu au chini hulazimika kusimama na kugeuka. Tuseme injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika. Hiyo ni mara 100 kwa sekunde moja, na kwa hiyo kila pistoni husimama mara 200 katika sekunde hiyo. Nguvu ya kuisimamisha haibebwi na pistoni peke yake. Hubebwa na konrodi, lile fito la chuma linaloiunganisha na krenki. Tena ukizidisha mzunguko mara mbili, mzigo huo huongezeka mara nne. Ndiyo maana pistoni nzito ni adui, na ndiyo maana mafundi wa mbio wa zama zile waliacha pistoni za chuma cha kusubu wakatumia alumini, ambayo uzito wake ni kama theluthi moja tu ya chuma, au zaidi kidogo.

Lakini alumini nayo ina tabia zake. Ikipata moto hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Fundi akiiacha imebana katika silinda ya chuma, injini ikipamba moto pistoni hunata na injini hunoki. Akiiacha imelegea mno, gesi hupenya pembeni na nguvu hupotea. Wenye viwanda walipunguza shida hii kwa kuchanganya silikoni ndani ya alumini. Mtu asiye na fedha hupata mchanganyiko huo katika pistoni zilizokwisha kufa. Sufuria au fremu ya dirisha ikiyeyushwa hutoa alumini laini isiyofaa. Hili nadhani ni jambo la kukumbuka kwa kila mwenye gereji ndogo: chuma chakavu si chakavu sawasawa.

Halafu kuna habari ya valvu. Scout ilikuwa na valvu pembeni mwa silinda, na kwa ajili hiyo chumba cha moto kilikuwa kipana na cha kupinda. Katika chumba cha namna hiyo, hata pistoni nzuri namna gani haiwezi kuibana gesi sana. Munro aliona kwamba pistoni zake hazitamlipa mpaka abadilishe na sehemu ya juu, basi akatengeneza mafuniko mapya yenye valvu juu. Hapo pistoni zikaweza kubana, na zilipobana, konrodi za kiwandani zikashindwa. Akachukua ekseli ya trekta la Caterpillar, akachonga konrodi nyingine kwa mkono, akaziungua na kuzipoza mpaka zikawa ngumu. Naona kwamba huu ndio moyo wa hadithi yake: kila alipotibu kidonda kimoja, kingine kilifunguka chini yake, naye hakurudi nyuma.

Zilivunjika mara nyingi. Pistoni zilitoboka, konrodi zilikatika, silinda zilipasuka, na kazi ya miezi ikaisha katika kufumba na kufumbua macho. Hakuzitupa. Alizipanga juu ya rafu katika banda lake, na hapo akaandika kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa mwendo. Sisi wa shule ya misheni twaweza kushtuka kusikia maneno hayo, lakini yalikuwa mzaha wa mtu aliyechoka, na mtu akilitazama rafu lile kwa kweli aliona hesabu yote ya maisha yake.

Kwa maana gharama haikuwa ya vyuma peke yake. Alikuwa na mke na watoto wanne. Katika miaka ya mwisho ya 1940 yeye na mkewe waliachana, naye akaacha kazi ya mshahara, akahamia kuishi katika banda la pikipiki zake. Wako watakaomsifu kwa hayo. Mimi simsifu, lakini siwezi kuyaacha nje ya maisha yake, maana bila hayo msomaji atadhani ushindi wake ulikuwa wa bure.

Mazoezi aliyafanya katika pwani ya Oreti, karibu na Invercargill, ambapo mchanga ni mgumu na mrefu. Mwaka 1938 aliweka rekodi ya mwendo ya nchi yake, na baadaye akaweka nyingine. Lakini mwenye kutaka kujua mwisho wa pikipiki yake huenda Bonneville, katika jimbo la Utah, Marekani, penye uwanda wa chumvi mweupe na sawa kama meza. Huko Munro alikwenda mara kumi. Mara ya kwanza kutazama tu, na mara tisa kushindana. Pikipiki aliivika gamba la kukata upepo, akaiita Munro Special, na yeye akalala ndani yake kifudifudi kama samaki katika ngozi yake.

Mwaka 1962, mzee wa miaka 63 juu ya pikipiki ya miaka 42, alipata rekodi ya dunia ya daraja la sentimeta za ujazo 883, kwa mwendo wa kilomita 288 kwa saa. Mwaka 1966 alipata ya daraja la 1,000, kilomita 270. Na mwaka 1967 akarudi na pistoni za kuifikisha injini 950, akaendesha kilomita 295 na ushei. Katika mbio moja ya kustahili, upande mmoja tu, alipimwa maili 190.07, yaani kilomita 305.89 kwa saa. Linganisheni na zile maili 55 za siku alipoinunua. Umri wake ulikuwa miaka 68.

Moyo wake haukuwa na afya tena. Alifariki tarehe 6 Januari 1978, mwenye umri wa miaka 78, katika mji uleule wa Invercargill.

Mwaka 2005 ilitoka filamu juu yake, Anthony Hopkins akiigiza kama Munro. Ni filamu nzuri, ila imekusanya safari nyingi zikawa moja, na mtazamaji aweza kufikiri kwamba mzee alifika, akashinda, akarudi. Jambo lililonipendeza zaidi lilitokea baada yake. Mwanawe John alipozichunguza hesabu za mwaka 1967 aligundua kwamba wasimamizi walikosea kupiga wastani wa mbio mbili. Mwaka 2014, miaka 36 baada ya kifo chake, rekodi ikasahihishwa: si maili 183.586 bali 184.087. Nusu maili tu. Mtu aliyepima kwa spoki ya gurudumu alikuwa amenyimwa nusu maili na watu wa kalamu na karatasi.

Pikipiki yake imo Invercargill katika duka la vifaa la E. Hayes, na watu waingiao kununua misumari na nyundo hupita mbele yake.